Droo ya Vinengenenge

Droo ya kumi na saba hukwama siku za mvua.
Naivuta kwa mikono miwili, goti likisukuma kabati,
nayo hufunguka ghafla na harufu yake
ya dawa ya nondo na pamba ya zamani.

Wamelala chali, safu tatu,
kila mmoja na lebo mguuni,
kama vichanga vya usiku mmoja wa Pumwani.
Hawa wa kwanza ni wa hapahapa, Karura na Ngong,
kifua manjano, ganda la limau.
Hawa wa Mlima Kulal, kaskazini, juu ya mawe meusi.
Na hawa wa mwisho, wachache, wa Mbololo,
kwetu,
tumbo rangi ya majivu,
pete nyeupe ya jicho imetanuka
kana kwamba walikuwa wakishangaa jambo
walipokufa, na hawajamaliza.

Daktari Onguso hupima, mimi huandika.
Bawa. Mkia. Mdomo. Bawa.
Tofauti ya milimita mbili, tatu.
Mwanafunzi mmoja wa Kangemi aliwahi kuniuliza,
paji la uso limegusa kioo:
"Nani aliwajengea ukuta?"
Nikamwambia hakuna ukuta. Kuna joto.
Kuna Tsavo, vumbi jekundu, miiba,
mwendo wa siku nzima bila tawi lenye ukungu,
na ndege mwenye uzito wa sarafu mbili za shilingi kumi
hawezi kulipa nauli hiyo.

Zamani msitu ulikuwa mmoja, husema wanaojua,
na mvua ilikuwa ya kila mtu.
Kisha nchi ikakauka kuanzia chini,
msitu ukapanda vilima kama watu wanaokimbia mafuriko,
ila huku kilichoufukuza ni ukame,
na kila kundi likabaki na kilele chake.
Wakachumbiana wenyewe kwa wenyewe.
Wakakosea wimbo kidogo, mtoto akarithi kosa,
mjukuu akaliita kosa hilo lugha.

Milima haikutani, walinena wahenga,
binadamu hukutana.
Kuhusu wenye mabawa hawakusema kitu.

Jumanne tulibeba spika hadi Karura,
barabara kuu ikivuma nyuma ya miti.
Tukawapigia vinengenenge wa Karura wimbo wa Karura:
dume akashuka mbio, manyoya yamesimama,
akimsaka mwizi aliyeingia kwake.
Tukapiga wa Mbololo.
Akainua kichwa.
Akasikiliza, labda, kwa muda wa pumzi moja,
akarudi kwa vidukari vyake kwenye jani.
"Andika sifuri," Daktari akasema.
Nikaandika. Kalamu ilikuwa na wino mwingi,
sifuri ikavimba, ikawa jicho lenye pete.

Usiku, nyumbani Uthiru, simu ikatoa mlio.
Kaka yangu Mwadime, sauti aliyorekodi kule juu,
Kidawida kitupu, cha haraka, cha mama,
habari za mahindi, za ng'ombe aliyezaa,
na jogoo nyuma yake akimkatiza.
Wawuda wangu, miaka tisa, alikuwa mezani.
Akainua kichwa.
Akarudi kwa ndengu zake.

"Amesema nini?" akauliza baadaye, mdomo umejaa.
Nikamfasiria. Neno moja nililiruka,
la ukungu unaokaa bondeni asubuhi
kama mgeni asiyetaka kuaga;
nilizunguka nalo, sikuona tawi la kutua.

Sikuandika kitu.
Nikaosha sahani, nikapunguza sauti,
nikamsikiliza Mwadime tena, na tena,
hadi niliposikia mtu mlangoni:
Wawuda, nguo za kulala, miguu mitupu kwenye saruji,
akimwigiza jogoo.